Ukuta wa Chumba cha Somoe

Fundi Mfaume hakuketi ndani ya nyumba ya mtu kabla hajaugonga ukuta wake. Alikunja kidole, akagonga mara moja kwa kifundo, kichwa kimeinama kama mtu aliyebisha hodi na hajui kama wenyewe wapo. Akiridhika, aliketi. Asiporidhika alihamisha kiti bila kusema neno, na mwenye nyumba akabaki kuutazama ukuta wake kwa wasiwasi. Alifanya hivyo misibani, alifanya hivyo harusini, na mkewe Hamisa alikuwa akiona haya.

"Huyu akifikishwa peponi," Hamisa aliniambia siku moja, "ataanza kwanza kugonga ukuta aulize nani kajenga."

"Nitauliza na mchanga wametoa wapi," alijibu Mfaume, akacheka kutushinda sote.

Tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho. Vingine vyote aliviacha.

Nilimfahamu nilipokuja kujenga Tegeta. Nilikuwa nimepanga Kinondoni miaka mingi, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na nilichoka kuishi mahali ambapo nikikohoa jirani ananipa pole kupitia ukutani. Zilikuwa zile nyakati ambazo saruji ilianza kupatikana bila kibali. Zamani ukitaka mifuko michache ulipaswa kumjua mtu anayemjua mtu. Sasa ilipangwa hadharani dukani kwa Bandali, Mhindi mwembamba aliyehama Upanga akafungua duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kila aliyepunguzwa kazi, na kila aliyeogopa kupunguzwa, alitafuta kipande cha ardhi akaanza kufyatua matofali.

Tulijenga kama watu wa Dar wanavyojenga, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Unainua kuta, mfuko unakauka, unangoja. Unaezeka chumba kimoja, unahamia, na vyumba vingine vinabaki wazi juu, majani yanaota ndani na kuku wanataga humo. Kinachongoja zaidi ya vyote ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya kuta zote na kuzifunga pamoja. Nondo ni ghali. Bila lenta kila ukuta husimama peke yake, lakini mtaani kwetu kuta za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko paa, na hakuna aliyezitazama mara mbili.

Mfaume alinijengea nyumba yangu. Alimjengea bi Mwajabu, jirani yangu wa ubavuni, na karibu nusu ya mtaa. Alikuwa mzaliwa wa Temeke, mtu wa maneno laini na viganja vilivyochanika kwa saruji. Katika kazi ya mteja hakuwa na utani. Aliwahi kuuvunja ukuta wa jiko langu alioujenga jana yake, kwa sababu timazi, ile kamba yenye chuma kizito ambayo fundi huining'iniza kujua kama ukuta umesimama wima, ilimwonyesha kasoro. Alinionyesha na mimi. Sikuiona.

Nyumba yake ilikuwa mkabala na yangu. Chumba kimoja na kibaraza vilikuwa vimeezekwa, na ubavuni kulikuwa na kuta tatu za chumba cha pili. Hicho kilikuwa cha Somoe, mtoto wao wa pekee, ambaye alikuwa darasa la pili. Somoe alikuwa amekwisha kukigawa: hapa kitanda, hapa sanduku, hapa dirisha la kumwona mwalimu akitoka kazini. Baba yake alikijenga katika saa zilizobaki baada ya kazi za watu, na kwa saruji iliyobaki pia. Tulimwona akifyatua. Mfuko mmoja aliufyatulia matofali mengi kuliko ambavyo angethubutu kumfyatulia mteja, na hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa kila mtu kwake alifanya vivyo hivyo. Kuta zile zilinyeshewa masika mbili bila lenta. Na huyo aliyegonga kuta za dunia nzima, sikupata kumwona akizigonga zile.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, masika yamekwisha na jua limerudi kwa ukali wake. Nilikuwa nimeketi sebuleni nikisahihisha kazi za wanafunzi. Kichwa kikazunguka. Nilidhani ni presha. Nikainua macho nikaona taa ya chemli iliyoning'inia kwenye boriti inacheza, huku na huku, taratibu, kama vile kuna mtu ameipita akaigusa kwa bega. Haikudumu. Bi Mwajabu alikuwa anatembea uani kwake wakati huo na hakuhisi kitu kabisa. Aliniambia hivyo mwenyewe jioni ile, kabla hajajua maneno hayo yana uzito gani.

Kisha nikasikia kishindo kifupi, kizito, kama gunia la mkaa limetuliwa chini. Kikafuata kimya. Halafu sauti ya Hamisa.

Somoe alikuwa ameketi chini ya ukuta wa chumba chake akichambua mchele. Mama yake ndiye aliyemwambia akae pale, maana jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa pale.

Sitaeleza yale tuliyoyaona tulipoondoa matofali. Ukuta haukuwa hata mrefu. Mfaume alikuwa Mbezi, juu ya jukwaa, anapiga lipu nyumba ya mtu; hakuhisi kitu, na lipu yake mbichi haikudondosha hata tone. Alikuja akiwa ameitwa, na mwiko wake bado uko mkononi. Maji ya kumwoshea mtoto yalichotwa kwenye pipa la bi Mwajabu, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa limekauka na pipa lile peke yake ndilo lililokuwa na maji, limejaa mpaka mdomoni. Tulimzika asubuhi.

Watu wakiwa bado matangani, redio moja, kati ya zile mpya za watu binafsi, ilitangaza kwamba tetemeko lilikuwa na nguvu ya sita. Neno likapita kutoka jamvi hadi jamvi. Mfaume alikuwa ameinama tangu makaburini. Akanyanyua kichwa.

"Sita kati ya ngapi?"

"Kumi," mtu alimjibu, kwa sababu jibu la aina hiyo hutujia lenyewe sisi tuliolelewa na alama za shule.

"Sita kati ya kumi," Mfaume alirudia. "Hiyo si ndogo."

"Si ndogo hata kidogo, fundi," walimwitikia wote.

Baada ya arobaini alikuja kwangu. Aligonga ukuta, akasikiliza, akaketi. Alikonda mpaka kola ya shati ilimwacha shingo.

"Mwalimu, wewe si unafundishaga mambo ya ardhi?"

"Nafundisha, fundi."

"Sita kati ya kumi inaangusha ukuta?"

Nilielewa anauliza nini. Alitaka kujua jambo moja tu hapa duniani: aliyemuua Somoe ni ardhi au ni yeye. Na mimi nilikuwa na kipande tu cha jibu, kile nilichokuwa nikikifundisha kidato cha pili kila mwaka huku wanafunzi wakipiga miayo.

Nilimwambia kwanza kwamba si kati ya kumi. Hakuna aliyekaa akaweka kumi iwe ukomo. Namba ile hutoka kwenye mashine, na mashine yenyewe si ya ajabu: kuna kitu kizito kimening'inizwa, na ardhi ikitikisika, nyumba inakwenda nayo, meza inakwenda nayo, karatasi inakwenda nayo, lakini kile kitu kizito kinachelewa kufuata. Kalamu iliyofungwa kwenye uzito huo huchora mstari juu ya karatasi inayozunguka.

"Timazi hiyo," alisema. "Ukuta unakwenda, timazi inabaki."

"Ni timazi, ndiyo. Ardhi ikitulia inachora mstari ulionyooka. Ikicheza, mstari unapanda na kushuka, na wanapima umepanda kiasi gani. Ila tetemeko kubwa la mbali linaweza kuchora sawa na dogo la karibu, kwa hiyo lazima kwanza wajue limetoka wapi."

"Watajuaje, nalo liko chini huko?"

"Linatuma mitikisiko ya namna mbili. Mmoja una mbio, wa pili unajikokota. Ukiona wa pili umechelewa sana, ujue safari ilikuwa ndefu. Wakishapata umbali na urefu wa mstari, ndipo wanapiga hesabu ya namba. Na namba zenyewe hazipandi moja moja kama tofali juu ya tofali. Kutoka tano kwenda sita, mtikisiko unaochorwa unakua mara kumi, na nguvu iliyofunguka kule chini inazidi kama mara thelathini."

Uso wake ukabadilika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuona kitu machoni mwake.

"Mara thelathini!"

"Lakini fundi, nisikilize. Hiyo ni nguvu ya kule lilikoanzia. Hili lilianzia chini ya bahari, kusini, mbali sana na sisi. Ni kama moto. Ukubwa wa moto ni mmoja, lakini joto unalolipata wewe ni la pale ulipokaa."

"Mara thelathini," alisema tena, akasimama.

Nilimpa yote mawili, nguvu na umbali. Aliondoka na moja. Nikamsikia akilieleza kibarazani kwa wauza kahawa, na akilieleza msikitini, na watu wakitikisa vichwa. Hamisa naye alilieleza kwa wanawake bombani: "Zilizala ya sita ile, shoga, siyo mchezo, mwalimu kasema." Walikuwa wameishikilia namba ile wote wawili kama watu wanaoning'inia kwenye kamba moja ya kisima. Kama ni ardhi, basi si matofali ya mume. Na kama si matofali, basi si yule mama aliyemwambia mtoto akae kivulini.

Kipupwe kilipokuwa kinakwisha ikaja Land Rover ya serikali, ikasimama mbele ya duka la Bandali. Alishuka mtu mnene kidogo mwenye miwani, Mhaya aliyejitambulisha kwa jina la Revelian, kutoka ofisi inayoshughulikia mambo ya miamba. Watu wakatoka majumbani, na kila mmoja alimtazama mikono kwanza. Mtaa wetu haukuwa umepimwa, na tulikuwa tumesikia habari za mitaa mingine, jinsi alivyokuja mtu mwenye kopo la rangi nyekundu akachora X kwenye kuta.

"Sikuja kubomoa," Revelian alisema kabla hajasalimia. Nadhani alikuwa amekwisha kuzoea. "Nimekuja kuuliza siku ile ya tetemeko mlihisi nini."

"Tulihisi?" bi Mwajabu alimsogelea, mikono kiunoni. "Serikali itie gari mafuta ije Tegeta kutuuliza tulihisi nini? Kwani imeanza kutupenda lini?"

Kicheko kikapasuka. Revelian naye alicheka, na hapo watu wakamkaribisha benchi.

Alieleza vizuri, kuliko ninavyoeleza mimi darasani. Mashine, alisema, inatoa namba moja kwa tetemeko zima. Ila kuna kipimo cha pili, na hicho mashine zake ni watu na nyumba zao. Kipimo hicho kina ngazi kumi na mbili, na kila mahali panapata ngazi yake. Chini kabisa hakuna anayejua kitu. Kisha anahisi aliyekaa, aliyesimama hahisi. Kisha vinavyoning'inia vinacheza, vyombo vinagongana kabatini. Ukipanda, aliyelala anaamka na maji yanaruka kutoka kwenye chombo. Ukipanda tena lipu inachanika. Halafu ndipo kuta zinaanza kuanguka.

Mfaume alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimsikia akipumua.

"Ukuta kuanguka ni ngazi ya ngapi, mzee?"

"Saba. Nane, kama umejengwa vizuri. Ukuta mbovu sana labda hata sita."

"Basi andika sita. Redio si ilisema sita?"

Revelian alimgeukia. Hakujua anaongea na nani. "Ile ni sita nyingine, ndugu. Ile ni ya kule baharini. Mimi natafuta ya hapa."

Watu wakamgeukia Mfaume. Nadhani hapo ndipo mtaa mzima ulipoelewa kinachopimwa.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Bandali, nyuma yake makopo ya rangi yamepangwa mnara juu ya mnara mpaka darini.

"Yalianguka mangapi?"

"Kuanguka?" Bandali aliona fahari. "Hapana hata moja! Mimi panga mwenyewe…" Macho yake yakakutana na ya Mfaume. Alisita, akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini mimi panga vizuri sana, bwana. Duka ya mtu mwingine ingeanguka yote."

Baada ya hapo kila mtu alidanganya. Sijawahi kuona watu wakidanganya kwa upendo namna ile. Mmoja alisema kitanda chake kilitembea mpaka mlangoni.

"Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Revelian.

"Juu yake."

"Saa za alasiri?"

"Mie naumwaga, bwana, we vipi?"

Mwingine jogoo wake alianguka kutoka kwenye paa akateguka mguu. Alikwenda kumleta, na jogoo akatoroka mikononi mwake akakimbia kwa miguu yote miwili. Watoto walicheka. Hata Mfaume midomo ilimcheza kidogo. Alikuwa ameanza kusimama wima. Wale waliokuwa wakificha nyufa kwa kuogopa X sasa walimvuta mgeni kwa mkono, wakamwonyesha nyufa ambazo mimi nilizijua tangu wanahamia.

Ikafika zamu ya bi Mwajabu.

"Mie pipa langu la maji lilimwagika," alisema. "Lile la uani. Lilichezaa, nusu nzima ikaenda chini. Uani kote bahari, nikavua kandambili."

Revelian aliacha kutabasamu. Maji ya pipa zima kumwagika si jambo dogo. "Pipa la ukubwa gani, mama?"

"La mafuta lile, la bati. Zito!"

"Na lilimwagika nusu? Uliliona wewe?"

"Wallahi…"

"Usiape, bi Mwajabu."

Ilikuwa sauti ya Mfaume. Haikuwa kubwa.

"Fundi, wewe hukuwepo," bi Mwajabu alimwambia haraka, kama anayemvuta mtoto barabarani. "Ulikuwa Mbezi. Nyamaza mwanangu, niache niseme."

"Nilikuwepo baadaye. Maji ya Somoe tulichota humo. Nilikuja mie na ndoo. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, nikaona uso wangu ndani yake."

Bi Mwajabu alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mfaume alianza kututazama, mmoja baada ya mwingine: mwenye kitanda, mwenye jogoo, Bandali mlangoni mwa duka lake, mimi. Alitutazama kama anavyoutazama ukuta baada ya kuugonga.

"Kumbe nyie wote mnajua," alisema. "Toka siku ileile, mnajua."

Tulitoa uongo wetu wote, na kumbe kila uongo ulikuwa shahidi kwamba tunajua.

Akamshika Revelian mkono akampeleka kwake. Rundo la matofali lilikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kulizoa. Revelian alitazama kuta mbili zilizobaki, zikiwa hazina lenta. Aliinama akaokota kipande cha tofali, akakisugua kwa kidole gumba, nacho kikawa mchanga mkononi mwake. Alikirudisha chini polepole, kama kitu ambacho kingeweza kusikia maumivu. Nadhani wakati huo alikuwa ameshajua.

"Mtaa huu kuna ukuta mwingine ulioanguka?"

"Hakuna."

"Nyumba hizi nyingine kajenga nani?"

"Mie," alisema Mfaume.

Revelian alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Kwa hiyo hapa kwetu utasema ngapi?"

"Tatu, ndugu yangu. Labda nne."

"Na ukuta huu?"

"Ukuta mmoja, na nyingine zote zimesimama… huo huwa hatuuhesabu. Hautuambii habari za ardhi."

"Unawaambia habari za nini?"

Revelian aliirudisha miwani machoni. Alikuwa mtu mwema. Alimpa pole kwa mikono miwili, akampa pole na Hamisa aliyekuwa ameketi kibarazani na amesikia kila neno. Kisha akarudi kwenye gari lake. Nimejaribu mara nyingi, miaka hii yote, kutafuta kosa katika maneno yake nimpelekee Mfaume. Sikulipata. Alikuwa sahihi.

Nilidhani Hamisa atapiga kelele. Hakupiga.

"Mie ndiye niliyemwambia akae kivulini," alisema.

"Na mie ndiye niliyemjengea kivuli," Mfaume alijibu.

Hayo tu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na sijui kama kulaumiana kusingekuwa afadhali, kwa sababu mtu anayekulaumu bado anakutazama. Wao waliacha kutazamana. Hamisa alikwenda kwa mama yake Temeke akasema anakwenda kupumzika siku mbili tatu. Alirudi mara moja tu, mchana, mumewe hayupo, akachukua sufuria zake na gauni la shule la Somoe. Nilimsaidia kufunga mzigo. Hakulia.

Mfaume hakujenga tena. Waliomfuata kwa kazi aliwaambia amesahau, na walipocheka wakidhani ni utani, aliingia ndani akafunga mlango. Mwiko na pima maji aliviuza kwa fundi mmoja wa Mwenge. Timazi hakuiuza; niliiona imening'inia ndani kwake, imetulia, haina cha kupima. Akaenda kugonga kokoto kwenye machimbo ya mawe ya Boko. Mtu aliyekuwa akisimamisha nyumba sasa aliketi chini siku nzima juani, anapasua jiwe kwa nyundo, na vumbi limemkaa kwenye kope mpaka alionekana mzee. Nilipomuuliza kwa nini kazi hiyo, alisema kokoto haina pa kuanguka, imeshafika chini.

Mtaani watu waliendelea kumsalimia vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Lakini niliona kwamba wawili watatu waliita mafundi wengine, mchana ambao yeye yuko Boko, waje wazitazame nyumba alizowajengea. Mafundi hao walisema nyumba ni nzima, mchanganyo mzuri, hawaoni tatizo. Habari hiyo ilimfikia. Kila habari huko kwetu hufika. Nadhani ilimuumiza kuliko lawama yoyote, maana ilikuwa na maana moja tu: mikono yake ilikuwa inajua kujenga.

Bado nafundisha somo lile. Kila mwaka yuko mwanafunzi anayenyoosha mkono aulize, "Mwalimu, ni kati ya ngapi?" Namjibu kwamba si kati ya chochote, nachora uzito unaoning'inia na kalamu yake, nachora mitikisiko miwili, wa mbio na wa kujikokota. Kisha nafika kwenye ngazi kumi na mbili. Nikifika ya tatu, ya taa inayocheza, naiandika ubaoni na kuipita upesi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Kuta mbili zilizobaki za chumba cha Somoe ziliangushwa na mvua za Elnino, na mara hiyo hakukuwa na tetemeko la kusingizia. Mvua hizo hizo zilijaza machimbo maji, kazi ya kokoto ikasimama, na Mfaume akawa anashinda ndani akikohoa. Kifua kilikuwa kimekwisha. Dada yake alikuja kumchukua akakae naye Temeke, na huko ndiko alikofia kabla mvua hazijakatika. Hamisa alikuja mazishini. Aliketi mwisho kabisa wa jamvi, mbali na ukuta.

Asubuhi ile ya kuchukuliwa kwenda Temeke, Mfaume alikuwa amevuka barabara yenye matope akaja kuniaga. Nilikuwa nimeketi mahali pangu pa siku zote, kiti kimeegemea ukuta wa sebule, kikombe cha chai mkononi, mvua inapiga bati. Nilimwambia karibu fundi, kaa, chai ipo. Hakukaa. Alikwenda kwenye ukuta ule, juu kidogo ya kichwa changu, akakunja kidole akagonga, akainamisha kichwa. Kisha akagonga tena. Sikuwahi kumwona akigonga mara mbili. Ulikuwa ukuta mzuri; umesimama mpaka leo ninapoandika, hauna hata ufa. Alisikiliza mpaka nikaacha kunywa. Halafu akanitazama, na nilidhani anatafuta neno la kuagana.

"Mwalimu," alisema, "hamisha kiti. Ukuta huo nimeujenga mie."